Nilinyimwa viza ya kumtembelea binti yangu Uingereza. Nikiomba tena, nianzie wapi?

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, mjane, naishi Moshi na nina duka la nafaka Mbuyuni. Kibosho nina kihamba cha kahawa na migomba. Binti yangu ni muuguzi Leeds, yuko huko kwa viza ya kazi, na Januari amejifungua mtoto wa kwanza. Niliomba viza ya matembezi ya miezi sita nikamsaidie kulea ili arudi kazini. Nikakataliwa. Barua inasema kipato nilichoandika, shilingi milioni 1.5 kwa mwezi, hakionekani benki. Kwamba kuna milioni 12 iliyoingia siku chache kabla ya maombi bila maelezo (kaka yangu aliniwekea ili akaunti ionekane imenona). Na kwamba hawajaridhika kuwa nitarudi. Kijana anayetujazia fomu hapa mjini anasema nichukue pasipoti mpya na nisitaje kwamba nilikataliwa. Mwingine anasema nimefungiwa mwaka mzima. Wifi yangu anasema nikate rufaa. Nifanye nini, na safari hii niweke benki kiasi gani?"

Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuangusha mara ya kwanza na ndilo litakalokuangusha tena. Hakuna kiasi. Sheria ya Uingereza ya wageni wa matembezi haitaji kiwango cha fedha kinachopaswa kuwa benki. Inataka uwe na fedha za kutosha kwa safari uliyoieleza, na ieleweke zimetoka wapi. Akaunti yenye milioni tatu zilizojengeka kidogo kidogo kutokana na biashara ina nguvu kuliko akaunti yenye milioni 15 zilizoingia Jumanne ya wiki iliyopita. Kaka yako alikusudia wema, lakini zile milioni 12 ndizo zilizomfanya afisa aanze kutilia shaka hata yale yaliyokuwa kweli.

Sasa hayo ya mitaani. Hujafungiwa. Kukataliwa kwa sababu ya ushahidi usiotosha hakuna muda wa kusubiri; ungeweza kuomba tena kesho, ingawa sikushauri. Rufaa kwa viza ya matembezi haipo. Kilichobaki kwa anayeamini afisa amekosea kisheria ni kwenda mahakamani Uingereza kuomba uamuzi upitiwe upya, na hiyo hufunguliwa haraka iwezekanavyo, isizidi miezi mitatu. Gharama yake ni kubwa mno ukilinganisha na ada ya kuomba upya, na kwa barua kama yako sioni kosa la kisheria la kupigania. Njia yako ni ombi jipya. Ada yake ilipandishwa kuwa pauni 127 mwezi Aprili 2025 na huwa inabadilika, hivyo angalia kiwango cha siku utakayolipa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Hairudishwi ukikataliwa.

Kuhusu pasipoti mpya na kunyamaza, nakuomba sana mama, usimsikilize huyo kijana. Alama zako za vidole na picha yako vimehifadhiwa tangu ombi la kwanza. Ukiweka vidole mara ya pili, ombi la zamani linatokea hata pasipoti iwe na namba mpya. Fomu inauliza wazi kama umewahi kunyimwa viza na Uingereza au nchi nyingine yoyote. Ukijibu "hapana", umetoka kwenye kundi la watu ambao ushahidi wao haukutosha na kuingia kundi la waliodanganya, na huko adhabu ni kuzuiwa hadi miaka 10. Kuandika "ndiyo, nilikataliwa tarehe fulani, na hizi ndizo sababu" hakukupunguzii chochote, maana wanajua tayari. Anayekushauri kuficha hatakuwepo siku barua ya miaka 10 ikifika. Jina lililo juu yake litakuwa lako.

Ili ujue cha kurekebisha, elewa afisa anafanyaje kazi. Hakuoni. Mara nyingi hakuhoji wala hapigi simu. Ana fomu, karatasi ulizopandisha mtandaoni, na muda mfupi. Anajiuliza kama, kwa mizani ya uwezekano, ni kweli zaidi kwamba utaenda kutembea na kurudi kuliko kwamba hutarudi. Jukumu la kumridhisha ni lako. Kitu usichokiandika au usichokiwekea karatasi kwake hakipo. Duka lako lililojaa magunia ya mahindi na maharage, ambalo kila mtu Mbuyuni analijua, kwake halikuwepo kwa sababu hakuna karatasi iliyolitaja.

Tuchukue sababu moja moja.

Ya kwanza ni ile milioni 1.5. Nadhani hapa hukudanganya, ila ulichanganya mauzo na faida. Wafanyabiashara wengi wakiulizwa kipato huandika kinachoingia kwenye droo. Afisa anasoma kipato kama kile kinachobaki mkononi baada ya kununua mzigo, kulipa pango la fremu, msaidizi, ushuru na kodi. Halafu analinganisha. Milioni 1.5 kwa mwezi ni milioni 18 kwa mwaka. Kama makadirio yako ya TRA yanaonyesha mauzo ya milioni 14 kwa mwaka, basi faida yako imezidi mauzo yako, na hakuna duka la namna hiyo duniani. Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, kaa na daftari lako la duka, chukua miezi sita, andika mauzo, toa gharama, upate faida halisi. Ikitoka laki sita, andika laki sita. Kipato kidogo kinachothibitika hakina aibu yoyote.

Kisha ithibitishe. Chukua nakala ya leseni ya biashara kutoka manispaa, cheti cha TIN, makadirio ya kodi ya TRA ya mwaka huu na uliopita pamoja na risiti za malipo, mkataba wa pango la fremu, na risiti chache za kununulia mzigo. Taarifa ya benki iwe ya miezi sita kamili, yenye mhuri wa tawi. Na kwa kuwa wateja wengi siku hizi wanalipa kwa simu, omba taarifa ya lipa namba yako ya miezi hiyo hiyo. Hapa ndipo watu wengi wa biashara za sokoni wanapopotea: fedha zote zinapita kwenye simu na droo, benki inapelekwa kidogo, halafu wanapeleka taarifa ya benki peke yake. Kuanzia wiki hii, jizoeze kupeleka benki mauzo ya wiki, hata kama Jumatatu utayatoa tena kununua mzigo. Mzunguko huo wa kuingia na kutoka ndio sura ya biashara iliyo hai. Malipo ya kahawa kutoka chama cha msingi yakipitia akaunti hiyo hiyo, ambatanisha stakabadhi yake, la sivyo nayo yataonekana kama fedha zilizodondoka kutoka mbinguni.

Ya pili, milioni 12. Mrudishie kaka yako kwa njia ya benki, ili kuingia na kutoka vyote vionekane. Usizitoe taslimu. Kwenye barua ya ombi jipya sema ukweli kwa sentensi tatu: fedha hizo zilikuwa za kaka yako, aliziweka kwa nia ya kukusaidia katika safari, zimerudishwa tarehe fulani na hazimo kwenye hesabu ya safari hii. Ambatanisha barua fupi ya kaka yako yenye saini na nakala ya kitambulisho chake. Kuna jambo moja la kuangalia kwanza: kwenye fomu ya zamani uliandika nini kuhusu fedha hizo? Kama uliandika, au kijana alikuandikia, kuwa ni akiba yako, usipeleke ombi jipya kabla ya kuongea na mwanasheria. Nitarudi hapo.

Hesabu ya safari nayo iwe na akili. Mtu mwenye faida ya laki sita akisema atalipa mwenyewe safari ya milioni sita, afisa ataona anatumia faida ya miezi kumi kwa matembezi, na atauliza kwa nini. Sheria inaruhusu mtu mwingine akugharamie, mradi mna uhusiano wa kweli, yuko Uingereza kihalali na ana uwezo. Mwache binti alipe nauli na malazi, wewe ubebe fedha zako za matumizi madogo. Aeleze hivyo kwenye barua ya mwaliko, na fomu yako iseme hivyo hivyo. Barua ikisema binti analipa kila kitu, na fomu ikasema unajilipia, umejitengenezea sababu mpya ya kukataliwa.

Ya tatu ndiyo nzito, na hapa naomba unisome taratibu.

Uliomba miezi sita ukalee mtoto ili mama yake arudi kazini. Kwetu bibi kwenda kulea mjukuu ni jambo la kawaida na la heshima. Kwa maafisa wa Uingereza, mgeni anaweza kukaa na mjukuu wake katika matembezi mafupi, lakini haruhusiwi kuwa yaya wa familia. Unaposema unakwenda ili mwingine aweze kwenda kazini, umeeleza kazi, hata kama hulipwi. Tena miezi sita ndicho kikomo cha juu kabisa cha mgeni. Afisa akaunganisha: mama mwenye duka analiacha nusu mwaka, hasemi nani ataliendesha, anakwenda kufanya kazi ya kulea. Ama duka halipo, ama harudi. Ukikaa mahali pake, utaona hakukurupuka.

Kwa hiyo safari yenyewe ibadilike, na ibadilike kweli, siyo maneno tu. Ukifika huko ukakaa miezi mitano baada ya kusema wiki tano, viza inayofuata utaisahau. Ningekushauri wiki nne hadi sita, zenye tarehe ya kwenda na ya kurudi, kwa lengo la kumwona mjukuu na kukaa na binti wakati bado yuko kwenye likizo ya uzazi. Hilo la likizo ni muhimu: binti akiambatanisha barua ya mwajiri inayoonyesha yuko likizo hadi mwezi fulani, na wewe unarudi kabla ya hapo, suala la yaya limekwisha lenyewe. Malezi ya baada ya hapo binti ayapange huko huko, na mipango hiyo aitaje kwenye barua yake.

Halafu mambo yanayokurudisha Moshi. Watu hukimbilia hati ya kiwanja na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ziweke, lakini usizitegemee. Barua ya mtaa inathibitisha unapokaa basi. Ardhi inaweza kukusubiri miaka 20 bila wewe kuwepo, na afisa analijua hilo. Kinachomgusa zaidi ni wajibu wenye tarehe. Nani anakaa dukani wiki hizo tano, na mkataba wa fremu unaisha lini? Uvunaji wa kahawa Kilimanjaro huanza katikati ya mwaka. Kama safari inaisha kabla ya hapo, sema kwamba unarudi kusimamia uchumaji, na onyesha stakabadhi za mauzo ya msimu uliopita. Je, kuna mjukuu mwingine au mzazi mzee unayemtunza? Wewe ni mweka hazina wa VICOBA? Leta barua ya kikundi inayotaja cheo chako na tarehe ya kugawana. Kama una mkopo wa SACCOS unaoulipa kila mwezi, nao unaonyesha mtu mwenye mizizi, usiufiche kwa kudhani ni dosari.

Karatasi yoyote ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, yenye jina kamili la mfasiri, saini, tarehe, mawasiliano yake, na tamko kwamba ni tafsiri sahihi. Barua nyingi nzuri za VICOBA na vijiji zimepita mbele ya maafisa kama karatasi tupu kwa kukosa hili. Usimpe mjukuu wa jirani azitafsiri kwa programu ya simu.

Upande wa binti, alete ukurasa wa pasipoti yake, uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi (siku hizi ni wa kidijitali), hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki ya miezi sita, mkataba wa nyumba anayoishi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Viza yake ya kazi haimzuii kukualika. Uhusiano wenu uthibitishwe kwa cheti chake cha kuzaliwa cha RITA. Kikague mapema: mara nyingi jina la mama kwenye cheti ni la ubatizo na la ukoo wa baba yake, na kwenye pasipoti ni jina la ndoa. Kama yanatofautiana, nenda kwa wakili uape kiapo cha majina, uweke na cheti cha ndoa. Na kwa kuwa wewe ni mjane, cheti cha kifo cha marehemu kiwepo, maana fomu itauliza hali ya ndoa.

Moyo wa ombi la pili ni barua yako, kurasa mbili zisizidi. Chukua barua ya kukataliwa, ihesabu sababu zake, ujibu kila moja kwa mpangilio ule ule: "Mlisema kipato hakionekani. Nilikosea kuandika mauzo badala ya faida. Faida yangu ni kiasi hiki; tazama nyaraka namba 3 hadi 7." Zipe nyaraka namba hizo hizo kwenye majina ya mafaili. Usilie, usilalamikie ubaguzi, usitaje kwamba wewe ni mcha Mungu na mzee wa kanisa. Kama huna nakala ya fomu ya kwanza, binti anaweza kuomba kwa niaba yako, kwa idhini yako ya maandishi, taarifa zako zilizo kwenye mafaili ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Ni bure. Ifanye kabla ya kuomba tena, maana afisa mpya atalinganisha majibu yako ya sasa na ya zamani, na wewe lazima ujue ulisema nini.

Ombi hujazwa mtandaoni, mapema kabisa miezi mitatu kabla ya safari. Ukishalipa, unachagua siku ya kwenda kutoa alama za vidole, na kabla ya siku hiyo unapandisha nyaraka zako. Zichanganuliwe kwa mashine, kurasa zote, hata ukurasa wa mwisho wa taarifa ya benki usio na kitu. Picha za simu zilizokatwa pembeni na kivuli cha kidole juu yake zinaua maombi mazuri. Kituo kiko Dar es Salaam. Baadhi ya watu wa Arusha na Moshi huona Nairobi ni karibu zaidi, na mgeni wa matembezi anaruhusiwa kuomba akiwa nchi nyingine, lakini jiulize kwanza utarudi vipi Namanga kama pasipoti imebaki kituoni. Kwa wengi Dar ina usumbufu mdogo. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu siku ya vidole. Kipimo cha kifua kikuu hakihitajiki kwa matembezi yasiyozidi miezi sita, hivyo anayekutaka ulipie anakula fedha yako. Na usinunue tiketi kabla ya viza. Mpango wa safari wenye tarehe unatosha.

Lini sasa? Una njia mbili. Unaweza kuomba ndani ya miezi miwili, ukiegemea fedha za binti na maelezo ya zile milioni 12, ili uwahi likizo yake. Hatari yake ni kwamba taarifa ya miezi sita bado itazionyesha, na kila kitu kitategemea maelezo yako kuaminiwa. Au unasubiri mpaka miezi sita ipite tangu zilipotoka, uwe na akaunti safi yenye mzunguko wa duka. Ningekuwa mwanao ningekuambia usubiri, hata kama likizo ya binti itakuwa imekwisha, mradi mipango ya malezi ionekane kwenye barua yake. Kukataliwa mara ya pili kwa sababu zile zile hufanya ombi la tatu kuwa gumu kwelikweli. Ipo pia njia ya tatu ambayo watu huiona kama kushindwa na siyo: binti aje na mtoto Moshi wakati wa likizo, wewe uombe viza mwakani ukiwa umejipanga.

Mwanasheria unamhitaji katika hali mbili. Kwanza, kama barua ya kukataliwa inataja udanganyifu, nyaraka za kughushi au taarifa za uongo, hata kwa mstari mmoja. Pili, kama ukipata fomu ya zamani utakuta imejazwa mambo usiyoyasema au yasiyo kweli, kama zile milioni 12 kuitwa akiba yako. Binti amtafute huko Uingereza, na ahakikishe jina lake liko kwenye rejista ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji, iliyoitwa OISC mpaka Januari 2025, au kwamba ni wakili aliyesajiliwa na chama cha kisheria huko. Hapa nyumbani, mtu akikuhakikishia viza, ondoka, na pasipoti yako usiiache mezani kwake. Kijana wa kujaza fomu unaweza kumtumia kama mikono ya kuchapa tu. Kaa naye, soma kila jibu kabla halijatumwa, na barua pepe ya ombi iwe yako au ya binti, kamwe isiwe yake.

Viza ikitoka, nakala za barua ya mwaliko, barua yako, tiketi ya kurudi na anwani ya Leeds ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya unakwenda kwa nani, kwa muda gani na nani amelipa, na anauliza kabla hujafika kwenye mizigo.